Saa 24 za Kwanza: Ini, Betri na Chumba cha Kujifungulia

Mama mwenye virusi vya homa ya ini B akijifungua usiku wa leo Koboko, Yumbe au Adjumani, kaskazini magharibi mwa Uganda, mtoto wake ana saa 24 za kupata sindano moja. Akiipata ndani ya muda huo, kisha akamaliziwa dozi zinazofuata, uwezekano mkubwa ni kwamba virusi hivyo havitamshika maisha yake yote. Asipoipata, na virusi vikamwingia wakati anazaliwa, hali ni nyingine kabisa: watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hivyo hubaki navyo. Mtu mzima akiambukizwa, kwa wembe au kwa kujamiiana, mwili wake kwa kawaida huvishinda. Wanaobaki navyo hawafiki 5 kati ya 100. Kirusi ni kilekile, ila umri kilipomkuta mtu ndio unaoamua.

Karibu kila juma watu hunitumia habari za utafiti mpya. Leo dawa ya kuponya homa ya ini, kesho betri inayojaa kwa dakika chache, keshokutwa sindano ya kupunguza unene ambayo sasa inatibu ini pia. Wanauliza kama ni kweli. Mimi si daktari. Ni fundi wa sola. Nafunga na kukarabati umeme wa jua katika vituo vya afya, shule na makanisa huku West Nile. Habari za betri nazisoma kwa sababu ndiyo riziki yangu, na za ini nazisoma kwa ajili ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mambo haya mawili yanaandikwa na watu wasiofahamiana, lakini huku kwetu yanakutana katika chumba kimoja: chumba cha kujifungulia cha kituo cha afya cha kijijini, usiku. Humo ndimo ninamopimia kila habari mpya ninayotumiwa.

Shemeji ni dereva wa lori. Hupeleka mahindi na sabuni Juba, Sudan Kusini, kwa kupitia mpaka wa Elegu. Aligundulika katika kampeni ile ya serikali iliyoanzia kaskazini mwaka 2015. Ulikuwa unapimwa damu. Ukionekana huna virusi unaanza chanjo ya dozi tatu bila malipo, ukionekana unavyo unaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali. Shemeji hakuwa na dalili hata moja. Macho yalikuwa meupe, tumbo halimsumbui, magunia anabeba kama kawaida yake. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Ini linaweza kuharibika kwa miaka 20 au 30 bila mwenyewe kuhisi kitu, na siku atakapohisi, mara nyingi limekwisha kujaa makovu au limeota saratani.

Jioni ile alinikuta uani ameishika karatasi. "Shemeji," akaniambia, "hawa wameniandikia kifo?" Nikamwambia hapana, kwanza tuulize wanaojua. Dada yangu alikuwa tayari amemtengea kikombe, sahani na kijiko, kwa kuwa sokoni walimwambia homa ya ini huambukizwa kwa kula pamoja. Haikupita wiki akaja mama mmoja mkunga mstaafu, aliyemzalisha dada watoto wake wote, ambaye sote tunamwita Sista hadi leo. Aliingia jikoni akakiona kile kikombe kimekaa peke yake dirishani. Akauliza ni cha nani. Akaambiwa. Akakichukua, akajimiminia chai kutoka kwenye birika, akainywa mbele yetu mpaka ikaisha.

"Mwanangu," akamwambia dada, "ugonjwa huu hautoki kwenye kikombe. Unatoka kwenye damu na kitandani, na kwa mama kwenda kwa mtoto. Wewe na watoto nendeni mkapimwe, asiye nao achanjwe. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Kikombe kirudi kabatini."

Kilirudi siku ileile. Nimesoma mengi tangu wakati huo, na sijaona mahali lilipoelezwa vizuri kuliko pale jikoni.

Nyumba ya dada si ya peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 10 nchini Uganda alikuwa na virusi hivi. Karamoja, kaskazini mashariki, walipita asilimia 20, na sisi West Nile hatukuwa mbali nao. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 4.3 kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Watoto waliozaliwa tangu mwaka 2002 wamekulia kwenye ratiba yenye chanjo hii ndani ya sindano ya magonjwa matano, inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ratiba hiyo imeokoa maini mengi mno, hasa kwa sababu huku Afrika watoto wengi walikuwa wakiambukizwa nyumbani wakiwa wadogo, wakicheza na kukwaruzana. Pengo liko kwenye zile wiki 6 za mwanzo. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa, sindano ya wiki ya 6 humkuta virusi vimekwisha kujenga.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyonikosesha raha. Watu milioni 254 duniani wanaishi na homa ya ini B. Wanaojua kwamba wanayo ni asilimia 13, na wanaotibiwa ni asilimia 3. Mwaka 2022 homa za ini za virusi, B na C kwa pamoja, ziliua watu milioni 1.3, sawa na kifua kikuu. Maambukizi mapya ya B kwa sehemu kubwa, asilimia 63, yako Afrika, na ni huku Afrika ambako ni watoto 18 tu kati ya 100 wanaopata ile dozi ya siku ya kuzaliwa. Sindano yenyewe si ngeni. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga nchi nzima mwaka 1984, na miaka michache baadaye saratani ya ini kwa watoto wao ikaanza kushuka. Chanjo tunayotumia leo imekuwepo tangu mwaka 1986, na ilikuwa ya kwanza ya binadamu kutengenezwa kwa uhandisi wa jeni: wanasayansi walichukua jeni moja ya kirusi, ile inayotengeneza ganda lake la nje, wakaipandikiza kwenye hamira, na hamira ikawa inazalisha ganda tupu lisiloweza kumwambukiza mtu. Ni kazi iliyojengwa juu ya ugunduzi wa Baruch Blumberg wa miaka ya 1960, uliompa Nobeli mwaka 1976.

Kwa hiyo habari mpya ni ipi? Iko kwa watu kama shemeji, ambao chanjo haiwasaidii tena.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kirusi hiki huingiaje kwenye seli ya ini. Mwaka 2012 Li Wenhui na wenzake huko Beijing walipata mlango wenyewe: ni protini inayorudisha chumvi za nyongo ndani ya ini. Seli za ini zinayo kwa wingi, ndiyo maana kirusi kinakimbilia huko. Kikishaingia hupeleka jeni zake hadi ndani ya kiini cha seli na kuzifunga zikawa pete ndogo imara. Tenofovir, kidonge anachopewa mgonjwa, huzuia virusi vipya visitengenezwe vizuri, lakini pete haiigusi. Ukiacha dawa, pete huanza kazi upya. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huambiwa wameze kila siku bila kikomo.

Utafiti wa sasa unapigana na pete hiyo na kila kinachotoka humo. Dawa moja iitwayo bepirovirsen ni kipande kifupi cha jeni kilichotengenezwa maabara, kinachonata kwenye ujumbe wa kirusi ili seli iuharibu kabla haujatumika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya sindano ya kila wiki kwa wiki 24, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 aliendelea kuwa bila ganda la kirusi wala jeni zake kwenye damu wiki nyingine 24 baada ya kuacha sindano. Wapo pia wanaojaribu mkasi wa jeni unaokwenda kuikata pete yenyewe. Mmoja kati ya 10 ni wachache, lakini kwa vidonge vya zamani waliokuwa wakifika hapo ni wa kuhesabika, na walihitaji miaka. Naifurahia habari hii kwa moyo wote. Ninachokililia ni kwamba kirusi kinachotawala Uganda, aina ya A na hasa kijitawi chake cha A1, kinahusishwa na saratani ya ini kwa vijana wa Afrika, na vijana hao ni wachache sana katika majaribio ya dawa hizi. Watafiti waje wajaribu hapa, katika hospitali za Mulago, Gulu na Arua, na kwa idadi ya kutosha. Dawa ikisubiri mpaka iwe nafuu ndipo ijaribiwe kwetu, kizazi kingine kitakuwa kimepita.

Kuna jambo jingine la mwaka 2024 ambalo halikutangazwa sana ingawa lilimgusa shemeji moja kwa moja. Hospitali aliyoelekezwa ilimtaka kwanza apime wingi wa virusi, kipimo cha kulipia, sampuli isafirishwe mbali. Alikaa miezi mingi bila dawa, si kwa kuwa hahitaji ila kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia kama anahitaji. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umelegeza masharti. Sasa makovu ya ini yanaweza kukisiwa kwa vipimo viwili vya damu vya kawaida: kimeng'enya cha AST, ambacho hupanda kwenye damu ini likiumia, na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Unachukua AST ya mgonjwa, unaigawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, unazidisha kwa 100, kisha unagawa kwa chembe sahani zilizohesabiwa kwa bilioni katika lita moja. Zamani walingoja jibu livuke 2. Sasa mtu mzima anayevuka 0.5 anastahili kuanzishiwa matibabu. Hesabu hiyo afisa tabibu anaifanya kwa simu yake. Mwongozo huohuo unasema pale ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani, mama mjamzito mwenye virusi apewe tenofovir ili kumkinga mtoto, badala ya kuachwa akisubiri kipimo ambacho hakiji. Kama ningeambiwa nichague habari moja ya kubandika kwenye ukuta wa kila kituo, ningebandika hii kabla ya ile ya sindano mpya.

Ini letu lina maadui wengine, nao wanasaidiana. Sumukuvu inayotoka kwenye karanga na mahindi yaliyoota ukungu ni mmoja. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa vyakula vilivyokusanywa hapahapa Uganda miaka ya 1960: karibu asilimia 30 ya sampuli 480 zilikuwa na sumukuvu, na mahali palipokuwa na sumu nyingi ndipo saratani ya ini ilipokuwa nyingi. Baadaye utafiti wa Shanghai ulionyesha kwamba mtu mwenye sumu hiyo mwilini na virusi vya B kwa pamoja, hatari yake ya saratani ni takriban mara 60 ya asiye na kimoja kati ya hivyo, wakati kila kimoja kikiwa peke yake hakifikishi hata mara 10. Shemeji aliyajua hayo kwa njia yake, mwaka 2023, Sudan Kusini ilipozuia malori ya mahindi ya Uganda mpakani kwa sababu ya sumukuvu na madereva wakalala foleni. Alirudi nyumbani akamkataza dada kuanika karanga kwenye udongo mtupu. Sasa zinaanikwa kwenye turubai, na zilizokunjamana hatusagi, hata kwa ajili ya kuku.

Kwa wavuvi wa Ziwa Albert adui ni kichocho cha matumbo. Mayai ya mnyoo hunasa kwenye mishipa ya ini na kuacha makovu, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, imegawiwa kwa umma Uganda tangu mwaka 2003, lakini watoto wadogo wasioweza kumeza vile vidonge vikubwa vichungu waliachwa nje. Kidonge cha watoto kinachoyeyuka majini kilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, na mwaka uliofuata watoto wa Uganda wakawa miongoni mwa wa kwanza kukipata. Kuhusu ini lenye mafuta, ambalo linaongezeka mijini pamoja na kisukari, Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza, resmetirom, Machi 2024, kisha semaglutide, ile sindano ya kupunguza unene, mwaka 2025. Kwa bei yake ya sasa sitazungumza zaidi.

Nirudi kwenye kazi yangu.

Betri nyingi ninazozikuta zimekufa vituoni ni za risasi na asidi. Ukifungua boksi unakutana na harufu kali, unga wa rangi ya kijani na nyeupe kwenye terminali, na ukichungulia ndani sahani zimevaa salfati kama chokaa. Sababu ni ileile kila mahali. Betri ya namna hii haitaki kushushwa chini ya nusu, na ikishushwa inataka kujazwa mara moja. Lakini kituo kinahudumia watu. Mtu amechomeka televisheni, simu za kijiji kizima ziko kwenye chaja, siku mbili za mvua zimepita, betri imelala tupu usiku baada ya usiku. Joto nalo linamalizia: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata nusu ya maisha ya betri, na chumba cha bati cha huku kwetu mwezi wa Februari si mahali pa kuishi betri. Ikifa, hubebwa na wanunuzi wa chuma chakavu wanaoyeyusha risasi kwenye moto wa wazi karibu na watoto, na risasi huharibu akili ya mtoto bila kurudi.

Ndiyo maana badiliko lililonifurahisha kuliko yote katika ufundi wangu ni betri ya lithi yenye fosfati ya chuma. Kemia yake ilichapishwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough huko Texas, mzee yuleyule aliyepata Nobeli mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Upande wake chanya hauna kobalti wala nikeli. Una chuma, fosforasi na oksijeni. Oksijeni imefungwa kwa nguvu kwenye fosforasi, kwa hiyo betri ikipata joto kali haiachii oksijeni ya kulisha moto kwa urahisi kama zile za kobalti. Mwanzoni watu waliidharau kwa sababu haipitishi umeme vizuri. Watafiti wakasaga chembe zake ziwe ndogo mno na kuzifunika na ngozi nyembamba ya kaboni, na tatizo likaisha. Seli moja hutoa volti 3.2, nne zikifuatana unapata 12.8, zinakaa vizuri mahali pa betri ya asidi. Unaweza kuitumia karibu yote na kuijaza tena zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa za kemia hii, na wingi huo umeshusha bei kwetu sote: pakiti ya lithi iliyozidi dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 ilifika wastani wa dola 115 mwaka 2024.

Hesabu ya chumba cha kujifungulia ni ndogo kiasi cha kuumiza moyo. Taa nzuri ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 12 inakula wati-saa 120. Betri moja ya fosfati ya chuma ya volti 12.8 na ampea-saa 20 ina wati-saa 256. Inatosha taa ya usiku kucha, kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto na simu ya mkunga, na bado inabakiza. Betri yenyewe unaibeba kwa mkono mmoja.

Uganda haiko mbali na kemia hii. Mgodi wa Kilembe, Kasese, ulichimbwa shaba kuanzia mwaka 1956 hadi 1982 na ukaacha mlima wa mabaki yenye kobalti, ambayo mvua ilikuwa ikiyasomba na kuunguza nyasi hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 ilianza kazi nzuri sana pale: mabaki yalitiwa kwenye matangi makubwa yenye bakteria wanaoishi kwa chuma na salfa, na bakteria hao wakaiyeyusha kobalti itoke. Biolojia ikifanya kazi ya tanuri, hapa Uganda, kwa kiwango cha kiwanda. Sijui kwa nini watoto wetu hawafundishwi jambo hili shuleni. Leo macho yako Orom, Kitgum, kwenye grafiti, ambayo ni upande hasi wa karibu kila betri ya lithi, hata zile zisizo na kobalti. Natamani isafishwe hapa isiondoke kama udongo.

Na inakuja betri ya sodiamu. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza yake ya kwanza mwaka 2021 na nyingine bora mwaka 2025. Sodiamu imejaa duniani, haihitaji kugombaniwa, na kaboni ya upande wake hasi imekwisha kutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi. Ni nzito kidogo kuliko ya lithi kwa umeme uleule. Kwa gari hilo ni tatizo. Kwa betri inayoning'inia ukutani kituoni miaka 10 haijalishi hata kidogo. Hii naisubiri kwa hamu.

Sasa friji. Friji za zamani za chanjo za sola zilitegemea betri za asidi, na betri zikifa chanjo zinakufa nazo. Za sasa hazina betri kabisa: paneli inaendesha kompresa moja kwa moja mchana, maji yaliyofungiwa kwenye kuta zake yanaganda, na barafu hiyo inahifadhi nyuzi 2 hadi 8 usiku na hata siku tatu bila jua. Mpya zaidi zina kifaa kinachochukua umeme wa ziada wa paneli, pale friji inapokuwa imeshiba, na kuupeleka kwenye taa na simu. Hapo ndipo friji ya chanjo na betri ya wodi vinapokuwa mfumo mmoja, na ndipo ninapowaambia wahandisi wasivitenge kwenye bajeti.

Chanjo ya homa ya ini B yenyewe ni ngumu kwa joto kuliko nyingi. Inachokiogopa ni kuganda. Ina chumvi ya alumini inayoamsha kinga, na ikiganda chembe zake hushikamana na dawa inakuwa haina kazi. Sista alinionyesha jinsi wanavyoipima. Unachukua kichupa unachokishuku na kingine ulichokigandisha makusudi cha toleo lilelile, unavitikisa pamoja, unaviweka mezani kwenye mwanga. Kilichoganda hujitenga upesi, mashapo yanashuka chini na juu panabaki maji. Kizima hubaki na ukungu mweupe kwa muda mrefu. Halafu kuna kibandiko chenye duara na mraba mdogo ndani: mraba ukifikia weusi wa duara, kichupa kimekwisha kwa joto. Indonesia walitumia ugumu huo wa chanjo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawapa wakunga dozi moja moja zilizokwisha kujazwa kwenye sindano, wakaenda nazo hadi nyumbani kwa wazazi. Huku kwetu, ambako kina mama bado wanajifungulia nyumbani mto ukifurika, njia hiyo inafaa kuangaliwa.

Mfuko wa chanjo wa Gavi ulikubali mwaka 2018 kugharamia dozi ya siku ya kuzaliwa. Janga la korona likasimamisha, na mlango wa nchi kuomba ukafunguliwa mwaka 2024. Lazima iwe chanjo ya homa ya ini B peke yake, kwa kuwa ile ya magonjwa matano haitolewi kwa mtoto wa siku moja. Kwa hiyo fedha zipo, chanjo ipo, friji ipo, na taa sasa inawezekana. Nilimuuliza Sista nini tena kinaweza kumkwamisha mtoto. Hakufikiri hata kidogo. "Ufunguo," akasema. Friji ya chanjo hufungwa, na ufunguo hukaa na mhusika wa chanjo, ambaye huenda nyumbani saa kumi na moja jioni. Mtoto akizaliwa Ijumaa usiku, friji itafunguliwa Jumatatu.

Shemeji anameza kidonge chake kila asubuhi kabla ya kuwasha lori. Dada na watoto walionekana hawana virusi, na wote wamechanjwa. Foleni ya Elegu ikiwa ndefu, yeye huwaambia madereva wenzake wakapime, na wengine wamekwenda.

Mimi nikiitwa sasa kufunga sola kwenye kituo, kabla sijapanda juu ya bati huomba kukaa na msimamizi, mkunga na mhusika wa chanjo pamoja. Nawauliza taa ya kitanda cha kujifungulia itawashwa na betri ipi, ambayo hakuna televisheni itakayochomekwa humo. Kisha nawauliza usiku ufunguo wa friji unalala wapi, na sianzi kutoboa ukuta mpaka wamekubaliana.